Ardhi iliyofufuka isife tena siku ya mirathi

 

Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu, kipindi cha kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza ndicho kinachoipima familia ya mfugaji. Mabua mashambani yamekwisha kuliwa, majani ya kando ya njia yamegeuka vumbi, maji ya visima yameshuka na mbavu za ng'ombe zinahesabika. Katika nchi ya Wasukuma, mikoa ya Shinyanga na Simiyu, huu ndio wakati wa ngitili. Mwenye ngitili huingiza mifugo yake kidogo kidogo mahali palipobaki na majani; asiye nayo huiswaga kwenda mbali, asijue itarudi mingapi. Na ni wakati huu huu, kabla mawingu hayajakusanyika, ambapo ngitili hutunzwa: mipaka hupitiwa, mapengo ya ua huzibwa, nyasi kavu za pembezoni hufyekwa ili moto usivuke, na machipukizi yanayosongamana juu ya visiki hupunguzwa.

Tumeona ni vyema Ijumaa hii tulizungumzie jambo hili, kwa sababu ardhi hiyo inakabiliwa na hatari ambayo haiji na shoka wala moto. Hatari hiyo inatoka ndani ya nyumba zetu wenyewe. Ni ile siku mzee anapofariki, matanga yakaisha, na warithi wakakaa na kamba mkononi kupima kila mmoja kipande chake.

Ardhi iliyoitwa jangwa

Kwa wasomaji walio mbali na huko, ngitili ni neno la Kisukuma. Ni eneo la malisho na vichaka ambalo hufungwa mvua zinapoanza, ili majani yakue bila kukanyagwa, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Halilimwi wala halipandwi. Kinachoota humo ni kile alichokiweka Mwenyezi Mungu katika udongo ule. Nyingi za familia huwa na hekta mbili hadi tano, na ziko nyingine kubwa zaidi zinazomilikiwa na kijiji kizima.

Desturi hii ni ya kale, lakini iliwahi kukaribia kutoweka. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa lengo la kuwaangamiza mbung'o. Yakafuata mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, familia nyingi ziliziacha ngitili zao nyuma zikabaki bila mwangalizi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Akina mama walitembea kwa saa nyingi kutafuta kuni, na nyumba zilizozikosa zilipikia samadi ambayo ingerutubisha shamba.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao uliendelea hadi mwaka 2004. Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye vitalu na miche ya kupanda. Hata hivyo, faida kubwa ilipatikana pale wataalamu walipokubali kujifunza kutoka kwa wazee wa Kisukuma, nao wazee wakasema: lifungeni eneo, mlilinde, mvute subira. Kwani chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, mizizi ya migunga na miti mingine ilikuwa bado hai. Kila mwaka ilitoa machipukizi, na kila mwaka mbuzi waliyala kabla hayajafika magotini. Mbuzi walipozuiwa, miti ilisimama yenyewe. Ndugu zetu wa Dodoma, ambao nao wameifuata njia kama hiyo katika miaka ya karibuni, wameipa jina zuri la Kisiki Hai.

Mwaka ule mradi ulipoanza, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepindukia hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao baadaye, mwaka 2012, ulitoa maeneo kwa mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la hifadhi la IUCN ulihesabu katika ngitili aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Ulikadiria pia kuwa kuni, malisho, majani ya kuezekea, asali, dawa na manufaa mengine ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati ambapo mwananchi wa kijijini nchini alikadiriwa kutumia dola nane na nusu hivi kwa mwezi.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Vichaka viliporudi, wanyama nao walirudi, wakiwemo fisi na ndege waharibifu wa nafaka. Utafiti ule ule ulikadiria hasara ya dola 63 kwa familia kwa mwaka kutokana na wanyama hao. Hasara hiyo ni ya kweli kwa aliyeipata, ingawa ni ndogo ikilinganishwa na faida.

Hima haikuwa mali ya wakubwa

Pengine msomaji atauliza, je, jambo hili lina uhusiano gani na ukurasa wa Kiislamu? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na kitu kiitwacho hima. Hii si ile hima yetu ya kuharakisha, bali ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali palipolindwa. Mkuu wa kabila alijitengea malisho mazuri kwa ajili ya wanyama wake, na wengine wakazuiwa kuyasogelea. Mtume (SAW) aliiondoa hima ya namna hiyo, akaibakisha ile tu iliyo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, yaani kwa maslahi ya umma. Yeye mwenyewe aliliweka hima bonde la Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Sayyidna Umar bin Khattab (RA) aliendeleza jambo hilo katika ukhalifa wake. Imepokewa kuwa alipomkabidhi msimamizi wake, Hunayy, ulinzi wa hima, alimwagiza awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamtaka amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Awf na wa Uthman bin Affan. Hawa wawili walikuwa miongoni mwa masahaba watukufu kabisa. Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri hao, mifugo yao ikiangamia, wana mitende na mashamba ya kurejea; ama yule maskini, mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kuomba msaada, wala Khalifa hataweza kumwacha.

Tunaona hapa mambo mawili ambayo kila mwenye ngitili anapaswa kuyashika. La kwanza ni kwamba kulifunga eneo la ardhi ili lipumzike ni jambo lenye asili katika dini yetu, wala si ushamba wala si uvivu wa kulima. La pili ni kwamba eneo hilo halifungwi kwa ajili ya kiburi cha mwenye nacho. Linafungwa ili siku ya dhiki awepo atakayenusurika nalo, na mnyonge atangulizwe.

Hesabu ya hekta nne

Sasa na tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Wazee wengi walioanza kuzifunga ngitili katika miaka ya 1980 na 1990 wamekwisha kufariki, na waliobaki umri wao umekwenda. Ardhi iliyofufuliwa kwa subira ya miaka thelathini sasa inaingia mikononi mwa watoto na wajukuu.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, deni limelipwa na wasia umetekelezwa. Ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na ngitili ya hekta nne. Kwa mujibu wa sharia, mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke moja. Hivyo ngitili itakuwa mafungu manane ya nusu hekta: mama fungu moja, kila binti fungu moja, kila kijana mafungu mawili. Hesabu imetimia, na kila mwenye haki amepata haki yake.

Lakini tazama kilichotokea ardhini. Ngitili ya hekta nne, kama ni ya mraba, ina mpaka wa mita 800 wa kulinda. Ikiwa kila mmoja kati ya warithi sita atazungushia ua kipande chake, jumla ya nyua hizo itakaribia mita 1,900. Nusu hekta haiwatoshi ng'ombe wachache kwa kiangazi kizima. Mmoja atalima dengu, mwingine atauza kwa sababu anaishi mjini, wa tatu ataita wachoma mkaa, na aliyetaka kuendelea kufunga atashindwa, kwani mbuzi wa jirani hawaijui mipaka ya karatasi. Katika misimu michache ile kazi ya miaka thelathini itakuwa imekwisha, na wajukuu watarejea kutafuta kuni mbali kama bibi zao.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kuwa sharia ya mirathi ndiyo inayoharibu ardhi. Haiwezekani, kwani mafungu hayo ameyapanga Mwenyezi Mungu mwenyewe. Wala hatuwaungi mkono wale wanaotumia kisingizio cha kulinda mali ya ukoo ili kuwanyima mabinti na wajane. Hiyo ni dhuluma, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inamtambulia mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Tunachosema ni kwamba sharia imetoa fungu kwa kila mrithi, lakini haikumlazimisha kulikata fungu hilo kwa kamba. Kugawana haki ni jambo moja, kuicharanga ardhi ni jambo jingine.

Njia mbili zilizo wazi

Njia ya kwanza ni wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, aliyoiona kuwa bora kuliko mali yake yote, alimwendea Mtume (SAW) kutaka ushauri. Alielekezwa kuizuia ardhi yenyewe na kuyatoa mazao yake sadaka. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake yakawaendea mafukara, jamaa, wasafiri na wahitaji wengine, naye msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema. Je, ni ardhi gani inayofaa zaidi kwa utaratibu huo kuliko ngitili? Mzee aliye hai na mwenye afya anaweza kuiweka wakfu: malisho na kuni kwa kizazi chake chote, wa kiume na wa kike kwa uadilifu, na sehemu maalumu kwa wajane na mayatima wa kijiji, na akamteua msimamizi mwaminifu. Tumefundishwa kuwa anachokila ndege, mtu au mnyama katika mti alioupanda Muislamu humwandikia sadaka. Tunatumaini kwa rehema ya Mola wetu kwamba aliyeulinda mti uliojiotea hatanyimwa malipo.

Zipo tahadhari. Wakfu ufanywe mapema, si kitandani wakati wa maradhi ya kifo, ambapo hukumu yake huwa kama ya wasia na mpaka wake ni theluthi ya mali. Usifanywe kwa nia ya kumkomoa mrithi. Uandikwe mbele ya mashahidi, na taratibu za kijiji zifuatwe, kwa kuwa ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo ndiyo itoayo hati ya hakimiliki ya kimila. Masheikh wenye ujuzi wa fiqhi na watu wa sheria waulizwe kabla, si baada ya ugomvi.

Njia ya pili ni kwa wale ambao mzee wao amekwisha kutangulia bila kuweka wakfu. Warithi wakubaliane kuimiliki ngitili kwa pamoja bila kuikata. Mafungu yao yaandikwe kama yalivyo, mama thumuni yake na kila mtoto lake, lakini ardhi ibaki moja. Kinachogawanywa kila kiangazi ni matumizi: siku za kuchunga, mizigo ya kuni, majani ya kuezekea, mizinga ya nyuki. Asiye na mifugo alipwe fidia na mwenye mifugo. Anayetaka kutoka, nduguze wapewe nafasi ya kwanza ya kulinunua fungu lake kwa bei ya haki. Makubaliano hayo yawe kwa hiari ya wote, yaandikwe, na binti aliyeolewa mbali awepo au awe na wakili wake. Ridhaa ya mtu ambaye hakuulizwa si ridhaa.

Wapo watakaotuambia kuwa kijana mwenye njaa ya shamba hawezi kuambiwa aangalie vichaka. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuidharau. Watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Lakini na tujiulize, huyo kijana akiilima nusu hekta yake ya udongo wa ngitili, atavuna misimu mingapi kabla ya kuanza kununua kuni, majani ya ng'ombe na nguzo za nyumba ambazo jana alizipata bure? Na mvua zikikosekana, nusu hekta ya mahindi huweza kunyauka yote, wakati ngitili huweza bado kutoa kuni, asali, dawa na majani hata kama ni haba. Pale ambapo haja ya shamba ni ya kweli, familia inaweza kutenga pembe moja ya kulima na kuifunga sehemu iliyobaki, badala ya kuiangamiza yote.

Kabla mvua hazijaanguka

Ndugu Waislamu, mambo haya yana wakati wake, na wakati wenyewe ndio huu. Tunawaomba wazazi, katika wiki chache zilizobaki kabla ya kufunga, wawachukue watoto wao wote, wa kike kwa wa kiume, wakaizunguke ngitili kwa miguu. Waonyeshwe mpaka na alama zake. Wafundishwe kuchagua katika kila kisiki machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu na kuyapunguza mengine, ili maji yote ya mizizi yaende kwa yale yatakayokuwa miti. Wakusanye makaka ya mgunga yaliyoanguka na kutawanya mbegu zake mahali palipo uchi. Wajue ni nani asiye na malisho katika ujirani, na ni siku ngapi ataruhusiwa.

Kisha, jioni ya siku hiyo, mzee aseme mbele yao wote ni nini anachotaka kifanyike kwa ardhi ile baada yake, na mwenye kalamu aandike. Mazungumzo haya wengi wetu huyakwepa tukidhani kuwa ni kujitakia kifo. La hasha. Mauti yana siku yake, tuyataje au tusiyataje. Baba anayenyamaza hujiachia ndugu watakaogombana juu ya kaburi lake, na asiyenyamaza huwaachia jambo la kukubaliana.

Maimamu nao wana nafasi kubwa. Khutba za mirathi huwa nyingi, na nyingi huishia kwenye mafungu. Tunawaomba waendelee hatua moja mbele na kuwafundisha watu wakfu wa familia, umiliki wa pamoja, na ile hima ya Madina iliyomtanguliza mwenye ngamia wachache. Msikiti wa kijiji wenye daftari la wakfu na la makubaliano ya warithi utakuwa umelinda undugu na ardhi kwa pamoja.

Ardhi ile ilikufa mara moja kwa sababu wenyewe waliondolewa juu yake. Ikafufuka kwa sababu wenyewe walirudi, wakafunga, wakasubiri. Itakuwa ni msiba mkubwa ikiwa itakufa mara ya pili huku wenyewe wote wapo, kila mmoja amesimama juu ya kipande chake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu azirehemu roho za wazee waliotutangulia, azijaalie mvua za mwaka huu ziwe za kheri, na azipatanishe nyoyo za warithi. Amin.